Kutoka Mnyororo Hadi Kamba

Changamwe nilikokulia miaka ya 1980, mbwa alikuwa na kazi moja tu: kubweka usiku. Wetu tulimwita Simba, na nusu ya mbwa wa mtaa waliitwa hivyo. Mchana alifungwa mnyororo chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, jua likizama baba anamfungua. Pale alipofungwa palikuwa na duara la udongo mtupu, majani yote yameisha kwa kuzunguka kwake, na shingoni manyoya yalilika hadi ngozi ikaonekana. Hakuna aliyeona ajabu. Kila nyumba yenye mbwa ilikuwa hivyo. Mbwa wa kutembezwa kwa kamba tuliwaona ng'ambo ya Nyali, kwa wenye nyumba kubwa, au mikononi mwa walinzi wa magodauni ya barabara ya bandarini.

Mnyororo ule ulikuwa na sababu zake. Watu wa bara hii ya Mombasa walikiogopa kichaa cha mbwa, na walikuwa na haki ya kukiogopa, kwa maana dalili zake zikishajitokeza kwa mtu hakuna dawa. Hapa Kenya ugonjwa huo umejulikana tangu mwaka 1912, na sheria yake, Sura ya 365, imewapa maofisa ruhusa ya kuwaua mbwa wanaozurura. Sisi watoto sheria hatukuijua, ila matunda yake tuliyaona. Kuna asubuhi tulizokuwa tukienda shule tunakuta mbwa wamekauka kando ya njia, povu mdomoni, wamekula nyama iliyotegwa sumu usiku. Simba alikufa vivyo hivyo, kwa sababu usiku ndio ulikuwa wakati wake wa kuachiliwa. Kumfunga mchana kulimlinda mpita njia, na mbwa mwenyewe hakuna aliyefikiria kumlinda. Jambo hilo limekaa nami miaka yote, na nikiutazama mtaa wa leo naona hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Nilipoanza maisha yangu Kisauni, upande wa Mtopanga, mbwa koko mmoja alijileta mlangoni akabaki. Ukuta kwa ukuta nami aliishi maalim wa madrasa, mtu mpole. Siku moja alinisimamisha penye bomba la maji.

"Jirani, mbwa wako sina neno naye," aliniambia. "Mbwa wa ulinzi na wa kuwinda dini yetu imemruhusu. Ila mimi natoka nyumbani na udhu wangu, kanzu imetakata, na yeye akiniona anakuja mbio kuninusa na pua imeroa. Akinigusa na ule umajimaji yanipasa nirudi nikaoshe mara saba, moja kwa udongo. Mfunge kamba fupi, tupishane kwa amani."

"Nimekuelewa, maalim," nikamjibu. "Kuanzia leo."

Nilinunua kamba ya manila kwa wauza vifaa vya uvuvi. Tukipita njia ya msikitini nilimweka upande wa ukuta, kamba nimeifupisha hadi karibu na shingo yake, nikamwachia mwenye buibui na mwenye kanzu njia yote. Baada ya muda watu waliokuwa wakivuka barabara kunikwepa walianza kunisalimu. Naamini kabisa kwamba katika mitaa hii, ambamo Mwislamu na Mkristo wanaanika nguo kwenye kamba moja, kumshika mbwa wako vizuri ni sehemu ya adabu ya ujirani, sawasawa na kupunguza sauti ya redio wakati wa adhana. Asiyetaka kuguswa na mbwa ana haki hiyo, na haimlazimu kueleza kwa nini.

Kisha wakaja mbwa wadogo. Kadiri ghorofa zilivyoongezeka Bamburi na Mikindani, watu waliacha majibwa ya ulinzi, maana lango lina bawabu, wakaanza kufuga vijibwa vyeupe vya manyoya marefu kwa ajili ya watoto. Wengi hulelewa ndani tu au barazani juu, na ardhi hawaijui. Kashata, kijibwa changu, nilimpata namna hiyo, kutoka kwa familia iliyokuwa ikihamia bara. Ana uzito wa paka aliyeshiba. Nilipomleta Likoni, ninakoishi sasa, bodaboda ya kwanza kupita ilimfanya ajibanze nyuma ya mtungi akitetemeka mwili mzima, na jioni hiyo hakula.

Mbwa mkali kila mtu humwogopa, kwa hiyo njia humwachia. Mbwa mwoga hana kinga hiyo. Akishtuka hakimbilii kwako, anakimbia tu, na kwa barabara zetu anakimbilia chini ya matatu. Ndiyo maana nasema mdogo na mwoga ndiye anayehitaji kamba kuliko jibwa lolote. Ila kamba yenyewe lazima imfae. Mkanda wa shingoni haumfai mbwa wa kimo hiki: bomba lake la pumzi ni laini, akivutwa anakohoa na aweza kuumia vibaya. Tena mwoga havuti kwenda mbele. Anarudi kinyumenyume, kichwa kinachomoka, na mkononi unabaki na mkanda mtupu. Nilitafuta mkanda wa kifuani, ule wa kupita mabegani na chini ya mbavu, na kwa kuwa ulimpwaya, fundi cherehani wa Timbwani aliupunguza hadi vidole viwili tu vikapita kati yake na manyoya.

Sikumvisha siku hiyo. Niliuweka sakafuni kando ya bakuli lake mpaka akala bila kuutazama. Kisha nikawa nampitisha kichwa nikimpa kipande cha ini la kuchemsha, namvua. Baadaye nikafunga vishikizo kwa muda mfupi, akiwa anakula. Alipouzoea nikafunga kamba nyepesi, nikamwacha aiburute chumbani nikiwa namwangalia. Ndipo tukafika kizingitini, kisha langoni, na langoni tulikaa sana, kwa sababu ng'ambo ya pale kuna kituo cha bodaboda.

Woga wa mbwa husomeka kabla hajatetemeka. Mkia unaingia ndani, masikio yanalala nyuma, anapiga miayo bila usingizi, analamba midomo wala hakuna chakula. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni ini: akilikataa, tumekaribia mno. Hapo narudi naye nyuma, hatua kadhaa, mpaka pale anapoweza kusikia pikipiki ikiwashwa na bado akala. Siku nyingine tunasogea kidogo. Kuna wazee wangu wanaosema mbwa mwoga aburutwe, au apigwe, atazoea. Nawaheshimu, lakini hilo nalikataa. Ukimburuta anajifunza mambo mawili mabaya kwa pamoja: kwamba barabara ni hatari, na kwamba aliyeshika kamba hatamsaidia.

Mazoezi yaliyomfungua hasa yalikuwa ya Shelly Beach alfajiri, maji yakiwa yamekupwa. Mchanga ni mpana, unamwona mtu tangu mbali, na jua halijawasha. Mchana simtoi, maana lami na mchanga wa Pwani huunguza nyayo. Mimi huweka mgongo wa mkono chini, na nikishindwa kuuacha pale, naye hakanyagi. Makoko wa ufuoni wakija kundi, nasimama kati yao naye, nawatupia vipande vya mkate upande wa mbali, kisha tunaondoka polepole. Kukimbia kunawaita.

Feri ni mtihani wake mwingine. Saa za watu kwenda kazini simpeleki, kwani katika msongamano ule hata mtoto aweza kukanyagwa. Tunavuka watu wakishapungua, yeye ndani ya kikapu cha ukili, kamba imefungwa kwenye mpini wa kikapu ili honi ikilia asiruke. Wanawake wa Mtongwe wanaorudi kutoka sokoni humchungulia wakacheka naye. Utotoni mwangu mbwa hakuchunguliwa hivyo na mtu mzima.

Kamba haitoshi bila chanjo. Mwenye kijibwa cha ndani hudhani kichaa ni cha makoko wa jalalani, lakini koko mmoja langoni anatosha. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mpango wa taifa wa kukitokomeza kichaa kwa binadamu ni wa 2014 hadi 2030, na hesabu yake iko wazi: asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hili ndilo badiliko ninalolifurahia kuliko mengine. Zamani jibu lilikuwa sumu, na nafasi za waliouawa zilijazwa upesi na mbwa wengine wasio na kinga. Siku hizi tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni ya kuwakumbusha watu chanjo. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa jirani.

Jambo ambalo Kashata hajalizoea, na sitarajii alizoee, ni fataki za mkesha wa Mwaka Mpya. Tarehe 31 Desemba namtembeza mapema, jua likiwa bado juu ya Mtongwe lakini limepoa, kamba mara mbili: moja kifuani na ya akiba shingoni, isiyovutwa. Magharibi tunaingia ndani. Nafunga madirisha, nawasha feni na redio, namwachia mkanda wa kifuani mwilini pamoja na kibati chenye namba yangu ya simu, na mlango wa nje unafungwa kwa ufunguo mpaka asubuhi. Wageni wote wanajua: anayetaka kutoka usiku huo aniambie kwanza, nimshike mbwa.