Uzi Mgeni katika Kofia: Habari ya Kidonge cha Kila Siku



Kila uingiapo mwezi wa Shaabani, sisi akina mama wa darsa hapa Msambweni hufikiwa na maswali yasiyoulizwa mbele ya watu. Huulizwa mlangoni, wakati wa kuvaa viatu, kwa sauti ya chini: "Dada, mwenye kumeza dawa kila siku, saumu yake itakuwaje?" Hatuulizi anayesemwa ni nani. Twajua kwamba kuanzia Likoni, Diani na Ukunda hadi Vanga wamo ndugu zetu wanaoishi na virusi vya ukimwi, na wengi wao ni wake waliojistiri katika ndoa zao maisha yao yote.

Jibu la fikihi lina wenyewe, nasi twawaachia masheikh wetu. Tulilokusudia juma hili ni kueleza kidonge chenyewe, namna kinavyofanya kazi na ilivyopatikana elimu yake. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yana dawa yake, na mwenye kujua dawa yake huishika kwa moyo uliotulia zaidi.

Tuanzie jikoni. Nyama ya mishkaki ikiwa ngumu, mama huipaka papai bichi, na baada ya muda hulainika. Kinacholainisha ni kimeng'enya, yaani protini ndogo ifanyayo kazi moja maalumu. Hiki cha papai hukata protini za nyama vipande vipande. Miili yetu imejaa vimeng'enya vya kila namna: vya kusaga chakula, vya kujenga, vya kunakili. Virusi vya ukimwi navyo vina vyake, na vitatu ndivyo vinavyotajwa sana. Cha kwanza hunakili maandishi ya virusi yawe DNA mfano wa yetu. Kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa njia yake, kabla ukimwi haujajulikana. Cha tatu hukata protini za virusi vipya, mfano wa kile cha papai kinavyokata protini za nyama. Cha katikati, kiitwacho integrasi, ndicho tunachotaka kukitazama.

Mwenye kushona kofia za mkono atatufahamu upesi. Kofia ina nakshi yake na tundu zake zimehesabiwa. Sasa fikirini sindano ya mgeni inayochukua uzi usio wa nyumba hiyo na kuupitisha katikati ya nakshi, ukafungwa, ukawa sehemu ya kofia. Huwezi tena kuutoa bila kuirarua kofia yenyewe. Integrasi ndiyo sindano hiyo. Huchukua uzi wa virusi na kuushona ndani ya DNA ya seli zetu za kinga. Ndiyo maana dawa hizi humezwa maisha yote: uzi uliokwisha kushonwa haufumuliki, ila dawa huizuia sindano isishone seli mpya.

Wataalamu walijua tangu zamani kuwa sindano ikizuiwa virusi havisongi mbele. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, raltegraviri, iliidhinishwa Marekani mwaka 2007, baada ya kujaribiwa michanganyiko mingi. Lakini hakuna aliyekuwa ameiona sindano ikiwa imeshika uzi wake. Kimeng'enya ni kidogo mno, hakionekani kwa hadubini ya kawaida. Njia iliyotumika ni kukigandisha kiwe fuwele, kama maji ya bahari yanavyoganda kuwa chumvi kule Gongoni, kisha kuipiga fuwele hiyo kwa eksirei na kusoma jinsi miale inavyotawanyika. Vivyo hivyo kile kimeng'enya cha kukata kilijulikana umbo lake mwaka 1989, na dawa zilizochongwa kulingana na umbo hilo zikaanza kuidhinishwa mwaka 1995. Integrasi ya ukimwi, hata hivyo, ilikataa kuganda.

Hapa ndipo habari inaporudi kwetu Kenya. Mwaka 1971 Bert Achong na Anthony Epstein, pamoja na wenzao, walikuwa wakichunguza seli kutoka kwa mgonjwa wa Kenya aliyekuwa na saratani ya nyuma ya pua. Ndani ya seli hizo waliona virusi vinavyozifanya zionekane kama zimejaa povu. Virusi hivyo asili yake ni sokwe wa pande zetu za Afrika, na havijulikani kumletea binadamu ugonjwa wowote. Kwa miaka mingi vilikaa katika maabara kama jambo la ajabu lisilo na faida kubwa. Kumbe sindano yao inafanana na ya ukimwi, na yenyewe hukubali kuganda.

Peter Cherepanov na wenzake wa Imperial College, London, walifanya kazi hiyo kwa miaka minne. Walijaribu zaidi ya mara 40,000. Wakapata aina saba tu za fuwele, na moja peke yake ndiyo iliyofaa. Mwaka 2010 wakatoa picha ya sindano ikiwa imeshika uzi, pamoja na dawa ikiwa imeingia kati yao. Ilionekana wazi: kwenye kinywa cha sindano mna chembe mbili za madini ya magnesi, dawa huzikamata chembe hizo na kuisukuma ncha ya uzi itoke mahali pake. Picha za baadaye zilieleza pia kwa nini dawa mpya zaidi, dolutegraviri, iliyoidhinishwa mwaka 2013, hushikilia kwa muda mrefu hata virusi vikijigeuza.

Tumeisimulia kwa urefu kwa sababu mgonjwa yule, asiyetajwa jina, ni mtu wa nchi yetu. Katika maradhi yake mlitoka kitu ambacho karibu miaka arobaini baadaye kilisaidia kuielewa dawa ambayo leo majirani zetu wanaimeza. Twamwombea rehema.

Dolutegraviri ikafika kwetu. Septemba 2017 yalitangazwa makubaliano ya kuuza kidonge kimoja chenye dawa tatu, tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kwa takriban dola 75 kwa mtu kwa mwaka katika nchi zetu, na Kenya ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kukipokea. Furaha hiyo haikuwafikia wote. Mei 2018 utafiti wa Botswana ulionyesha kuwa kati ya akina mama 426 walioshika mimba wakiwa wanatumia dawa hiyo, wanne walizaa watoto wenye kasoro ya uti wa mgongo na ubongo. Idadi ndogo, lakini ya kutisha. Nchi nyingi, yetu ikiwamo, zikawawekea mipaka wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Tulishuhudia maana yake katika nyumba moja ya jamaa zetu. Mume alipewa kidonge kipya. Mke, mama wa watoto watatu, aliambiwa kwenye kliniki aliyokuwa akienda kwamba abaki na dawa ya zamani, ile iliyomletea kizunguzungu na ndoto za kutisha usiku. Rafu moja, makopo mawili. Hakukasirikia tahadhari, nani asiyemhofia mtoto aliye tumboni? Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyekaa naye kumweleza. "Laiti wangeniambia hatari ni kiasi gani," alisema, "ningepima mwenyewe pamoja na mume wangu." Tulinyamaza, maana alisema kweli.

Hakuwa peke yake. Julai mwaka huo huo wanawake wa nchi mbalimbali za Afrika wanaoishi na virusi walikutana Kigali, wakasema jambo hilo hilo: tupeni habari kamili, kisha tuachieni tuchague. Utafiti wa Botswana nao uliendelea kuhesabu. Kufikia 2019, kati ya mimba 1,683 zilikuwa zimeonekana kasoro tano tu, na Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wakiwamo. Hesabu za miaka iliyofuata zilionyesha kuwa tofauti iliyoogopewa imetoweka. Yule dada sasa anameza kidonge kile kile cha mumewe, na usiku analala, alhamdulillahi.

Sasa turudi kwenye swali la mlangoni. Kidonge hiki humezwa mara moja tu kwa siku, pamoja na chakula au bila chakula. Aliyezoea kukimeza asubuhi anaweza, kwa ushauri wa wahudumu wake wa afya, kukihamishia wakati wa futari au daku. Ashauriane nao mapema, kabla mwezi haujaandama. Asiache dawa kwa siku thelathini akidhani anafanya ibada, kwani sindano haifungi saumu.

Lipo jingine ambalo akina mama wajawazito walishike. Tumesema dawa hii hukamata madini. Tabia hiyo hiyo huifanya ikamatwe tumboni na madini mengine kabla haijafika kazini. Vidonge vya madini ya chuma tunavyopewa kliniki, na vya kalsiamu, vikimezwa pamoja nayo bila chakula huipunguzia nguvu. Ama vimezwe pamoja wakati wa kula, ama dawa itangulie kwa saa mbili, au ifuate baada ya saa sita. Dawa za kiungulia, zile tunazokimbilia baada ya viazi karai na mahamri ya futari, hazimezwi nayo kabisa, hata kwa chakula. Nazo zina saa zizo hizo, mbili au sita. Elimu iliyopatikana kwa majaribio 40,000 huishia hapa, kwenye sahani na gilasi ya maji.

Na kwenu wenye nyumba: anayemeza dawa yake sawasawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa. Basi tusimfanye ajifiche chooni kumeza kidonge. Apewe maji na nafasi yake mkekani kama wengine.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaotafuta elimu yenye manufaa, na atufikishe Ramadhani tukiwa na afya. Amin.