Daftari la Waombaji Kazi

Kazi yangu Takaba ilikuwa kutafuta watumishi wa shirika lililohudumia zahanati, shule na visima vya Mandera Magharibi, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Kabla ya mwisho wa 2014 haikuwa kazi ngumu. Ukitangaza nafasi Nairobi, barua zilimiminika kutoka Kisii, Kakamega na Kitui, ambako vijana wenye vyeti walikuwa wengi kuliko kazi, na marupurupu ya mazingira magumu yaliwavuta.

Tarehe 22 Novemba mwaka ule, al-Shabaab waliteka basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi wakaua watu 28, walimu wakiwemo. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 wakauawa Koromey, karibu na mji wa Mandera. Shule zilipofunguliwa Januari, walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi. Sikuwalaumu, na siwalaumu hadi leo.

Katika daftari langu niliandika kila mwombaji anatoka wapi, ana cheti gani, na habari za kazi amezipata kwa nani. Kurasa za 2015 zilionyesha jambo ambalo wakubwa wangu Nairobi hawakupenda kulisikia: soko letu la ajira limehama. Waombaji sasa walitoka Takaba yenyewe, Banissa, Elwak na Rhamu, na masharti ya matangazo yetu yaliwafungia mlango.

Kwa nafasi ya fundi wa jenereta ya kisima tulitaka stashahada ya uhandisi. Hakutokea mtu, ilhali sokoni kulikuwa na vijana wanaofungua injini za malori juu ya mchanga na kuzirudisha barabarani. Nikashikilia kwamba stashahada ifutwe, badala yake mwombaji apewe spana na jenereta iliyokufa. Kijana aliyeiwasha alikuwa ameacha shule darasa la sita. Alifungua chujio la dizeli, akamwaga maji yaliyojikusanya chini, akatoa hewa kwenye paipu, kisha akavuta kamba ya kuiwasha. Tulimwajiri, tukamlipia mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ili asibaki kibarua maisha yake yote.

Wakunga walinipa shida zaidi. Kina mama walitaka kuzalishwa na mwanamke anayeijua lugha yao, na mtu huyo hapatikani kwa jaribio la asubuhi moja. Anahitaji alama nzuri za bailojia, miaka mitatu chuoni, na baba atakayemruhusu aende. Basi nilizunguka shuleni kuuliza wasichana wa kidato cha tatu, nikakaa na wazee, nikaliomba shirika lilipe karo kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi. Hakuna kazi niliyoifanya kwa moyo zaidi ya hiyo.

Sisemi wageni wasiajiriwe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia katika utumishi wa kaunti ziende kwa wasiotoka jamii kubwa ya kaunti, nao wanastahili makazi salama. Lakini ninyi waajiri wa Mandera mnaorudia tangazo lilelile kila mwaka, nendeni shuleni muhula huu mkaulize ni wasichana wangapi wanaosoma bailojia, na nani atawalipia karo.