Chui wa Chuma na Mashamba ya Suneka

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Methali hii huitumia sana tunapotaka kumsifu fundi, na ni haki yake kusifiwa. Lakini ni mara chache sana tunapoendelea kuuliza: Je, chombo hiki kimeundwa kwa haja gani? Kimeundwa kwa muda gani? Na kabla ya kuuzwa kimejaribiwa katika ardhi ya namna gani? Maswali hayo matatu ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, kwani hapa kwetu Suneka yalikuja kutaka majibu kwa ghafula, na fedha za watu zilikuwa mezani zikingojea.

Mimi ni karani wa serikali katika ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni barua, daftari na hesabu, wala si ufundi. Lakini tangu nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya misheni nimependa mno kusoma habari za mitambo na jinsi ilivyobuniwa. Kwa ajili hiyo wazee wa kikundi kimoja cha wakulima, wanachama thelathini na mmoja, huniita niwaandikie barua zao na kuwasomea mikataba. Watu hawa walikuwa wameweka akiba kwa miaka minne, shilingi kwa shilingi, kutokana na ndizi na mahindi. Akatokea dalali, mtu mwenye maneno matamu kama asali, akawashauri wanunue trekta moja kubwa lililokwisha kutumika. Sifa yake kuu ilikuwa moja tu. "Hili ni la Kijerumani," alisema, "na Mjerumani hajui kutengeneza kitu kibovu."

Jina la Mjerumani si geni katika nchi ya Kisii. Mwezi Septemba 1914 askari wa Kijerumani waliotoka upande wa Tanganyika waliingia mjini Kisii na kupigana na askari wa King's African Rifles, na habari za mapigano hayo zimesimuliwa kutoka babu hadi mjukuu. Pengine ndiyo sababu maneno ya dalali yalipokelewa kwa heshima kubwa. Basi wazee waliponiomba niandike barua ya kununua, niliomba kwanza ruhusa ya kusema nao juu ya chombo kingine cha Kijerumani, ambacho ubora wake na ubovu wake vyote viwili vinajulikana. Nacho ni kifaru cha vita kilichoitwa Panther, maana yake chui.

Habari zake ni hizi. Tarehe 22 Juni 1941 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Urusi. Vifaru vyao vya wastani wakati huo, Panzer III na Panzer IV, vilikuwa vimeshinda vita katika nchi nyingi, nao waliamini kwamba hakuna wa kuwazuia. Huko Urusi wakakutana na kifaru kiitwacho T-34. Mabamba yake ya chuma hayakusimama wima kama ukuta, bali yalilala mshazari. Minyororo yake ilikuwa mipana, ikapita matopeni bila kuzama. Na mzinga wake wa milimita 76 ulikuwa na nguvu. Mara nyingi risasi za Wajerumani ziligonga na kuteleza.

Labda msomaji atauliza, kulala kwa bamba kunaongeza nini? Mkulima atalifahamu jambo hili upesi kuliko mwalimu wa hesabu. Ukikata mgomba kwa panga moja kwa moja, njia ya panga ni fupi. Ukiukata kwa mshazari, panga husafiri mwendo mrefu zaidi ndani ya mgomba uleule, ingawa mgomba haukunenepa. Ndivyo ilivyo kwa risasi. Bamba la mbele la Panther lilikuwa na unene wa milimita 80, lakini kwa kuwa lililazwa nyuzi 55 kutoka wima, risasi iliyokuja sawasawa ililazimika kupenya chuma cha milimita zipatazo 140. Hiyo ni faida iliyopatikana kwa akili, bila kuongeza unene wa bamba.

Mwezi Novemba 1941 tume ya Wajerumani ilikwenda kwenye uwanja wa vita kuvichunguza vifaru vya T-34 vilivyotekwa. Hapo makampuni mawili, Daimler-Benz na MAN, yakaagizwa kubuni kifaru kipya cha tani 30. Kielelezo cha Daimler-Benz kilifanana sana na kile cha Kirusi. Mwezi Mei 1942 kielelezo cha MAN ndicho kilichochaguliwa, na mwezi Januari 1943 vifaru vya kwanza vikatoka kiwandani. Hebu msomaji ahesabu: kutoka uchunguzi hadi kiwandani ni miezi kumi na minne tu. Kwa mtambo wenye vipande maelfu, hiyo ni haraka ya ajabu.

Haraka hiyo ingeweza kusamehewa kama kazi isingebadilishwa njiani. Lakini wakubwa waliendelea kuongeza. Hitler alitaka bamba la mbele liongezwe unene, kutoka milimita 60 hadi 80. Mzinga ukawa mrefu na mzito. Kifaru kilichokusudiwa kuwa cha tani 30 kikatoka kiwandani kikiwa na tani karibu 45. Ikapatikana injini yenye nguvu za farasi 700 ili kuuvuta mzigo huo. Lakini kati ya injini na ardhi iko mifupa mingine: ziko gia za mwisho, zile zinazopeleka nguvu kwenye gurudumu linalovuta mnyororo. Gia za namna iliyo imara zaidi zilihitaji mashine maalumu za kuzikata, na mashine hizo hazikutosha nchini wakati wa vita. Kwa hiyo zikatumika gia za namna iliyo rahisi kutengeneza. Ng'ombe alinenepeshwa na pembe zake zikanolewa, lakini magoti yake yakabaki ya ndama.

Tena magurudumu yake yalipangwa yakipandana kama magamba ya samaki. Mpango huo ulikipa kifaru mwendo mzuri usiotikisa, lakini gurudumu la ndani likiharibika, fundi alilazimika kuyafungua kwanza yale ya nje. Wakati wa baridi matope yaliingia katikati ya magurudumu na kuganda. Mwenye gari anajua maana ya habari hii: urahisi wa kuendesha si sawa na urahisi wa kutengeneza.

Mtihani wake wa kwanza ulikuwa Kursk, huko Urusi, mwezi Julai 1943. Shambulio lenyewe lilikuwa limeahirishwa, na sababu mojawapo ilikuwa kungojea vifaru hivi vipya. Vikaletwa vipatavyo 200. Vingine vilishika moto injini kabla hata ya kukutana na adui. Vingi viliharibika njiani kwa gia na injini. Vingine vilinasa katika mabomu ya ardhini. Baada ya siku chache tu, vilivyoweza kupigana vilikuwa vichache sana. Si kwamba askari walikuwa waoga, wala si kwamba mabamba yalipenywa upesi. Chombo kilipelekwa vitani kabla hakijamaliza shule.

Nisiwe mwenye upendeleo. Baadaye Panther ilirekebishwa, ikawa adui wa kuogofya kweli. Mzinga wake uliweza kukipasua kifaru cha adui kutoka mbali kuliko kilometa moja, na wako wataalamu wanaoihesabu kati ya vifaru bora vya vita ile. Zilitengenezwa zipatazo 6,000. Lakini ugonjwa wa magoti haukupona kabisa. Wafaransa, waliotumia baadhi ya vifaru hivyo baada ya vita, waliandika mwaka 1947 kwamba gia za mwisho zilidumu kwa wastani wa kilometa 150. Mtu akitoka Suneka kwenda Kisumu na kurudi, angekwama barabarani kabla ya kufika nyumbani.

Nilipofika hapo, mzee mmoja aliinua mkono akasema, "Mwanangu, hayo ni mambo ya vita. Sisi twataka kulima." Neno lake lilikuwa la haki. Basi nikawaeleza habari ya pili, iliyo ya kilimo, nayo ilitokea kwa jirani zetu.

Panther haikufika Afrika. Lakini mpinzani wake, kifaru cha wastani cha Marekani kiitwacho Sherman, kilifika Tanganyika baada ya vita kikiwa kimevuliwa mzinga. Vifaru vya Sherman vilitengenezwa zaidi ya 49,000, na vita vilipokwisha vilibaki vingi bila kazi. Uingereza nayo ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Ikaamuliwa kulima karanga katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ekari 3,210,000 kwa jumla, na kazi ikaanza mwaka 1947 huko Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Matrekta hayakupatikana ya kutosha, basi yakanunuliwa yaliyochakaa katika maghala ya majeshi. Na kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick, jina lililounganishwa kutoka Sherman na Vickers.

Kwa masikio yapendezaje! Upanga umefuliwa kuwa jembe. Lakini ardhi haisikilizi hotuba. Chombo kilichobuniwa kukimbia na kupiga mzinga hakikuwa chombo cha kuvuta taratibu kutwa nzima, na matrekta yale hayakufaulu. Mibuyu na vichaka vya Kongwa viliyashinda hata matrekta ya kawaida. Mchanga wa huko ulikula majembe, na udongo wake, kiangazi kilipofika, ukawa mgumu kama matofali, hata karanga zikakataa kung'oka. Mvua nayo haikuwa ya kutumainiwa, jambo ambalo Wagogo walilijua tangu zamani. Mwezi Januari 1951 mpango ule ukatangazwa kuwa umekwisha, na hasara yake ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi.

Tazama basi jinsi habari hizi mbili zilivyo ndugu. Kule Ujerumani palikuwa na mafundi hodari kupita kiasi. Kule Kongwa palikuwa na fedha nyingi na nia iliyosemwa kuwa njema. Pote pawili kilichokosekana ni kitu cha bei ndogo kabisa, yaani majaribio ya polepole mahali penyewe. Amri ilitoka juu ikashuka, wala hapakuwa na mtu wa chini aliyeweza kusema "Ngojeni" akasikilizwa.

Baada ya maneno hayo kikundi chetu kilibishana hata jua likatua. Wengine walinikasirikia, wakasema karani ameajiriwa kuandika, si kuhubiri. Lakini mwenyekiti aliamua jambo la busara: barua isiandikwe bado, bali trekta likodishwe kwa msimu mmoja, lijaribiwe katika mashamba matatu ya wanachama wenyewe, na kila saa na kila lita ya mafuta iandikwe katika daftari. Dalali hakupendezwa, akaondoka.

Daftari hilo ninalo. Katika shamba la kwanza, lililo tambarare karibu na mto, trekta lililima vizuri na upesi, na hakuna aliyelalamika. Katika la pili, lililo kwenye mteremko, dereva alilima kipande kidogo tu kisha akakataa, akisema hataki kupinduka. Na mvua ya masika iliposhuka, udongo mwekundu wa kipande kile ulichukuliwa hadi kwa jirani wa chini. Katika la tatu, lenye migomba na nusu ya ekari ya mahindi, trekta lilitumia muda mrefu kugeuka kuliko kulima, likavunja migomba minne. Na wanachama walipohesabiwa, wenye mashamba kama lile la kwanza walikuwa saba tu kati ya thelathini na mmoja.

Basi uamuzi ukawa huu: wale saba watakodi trekta kubwa kila msimu kwa gharama yao, na kwa akiba ya wote vitanunuliwa vijitrekta viwili vya kushikwa kwa mikono, vinavyoweza kugeuka katikati ya migomba na kutengenezwa na fundi wa hapahapa sokoni. Hata hivyo kimoja kitanunuliwa kwanza, na cha pili baada ya msimu. Wako wanachama ambao hadi leo wananung'unika kwamba wamekosa heshima ya kuwa na trekta kubwa lililosimama mbele ya ofisi. Nami naelewa uchungu wao, maana heshima ni kitu.

Ndugu wasomaji, sisemi kwamba mashine kubwa ni mbaya, wala sisemi kwamba Mjerumani si fundi. Nasema kwamba jina la nchi iliyotengeneza chombo si hati ya dhamana, na ukubwa si dawa. Kabla hujatoa fedha zako, muulize muuzaji: kilibuniwa kwa kazi gani? Kikivunjika, nani atakitengeneza, na kipande chake kitapatikana wapi? Kimejaribiwa wapi, na ardhi ya huko inafanana na yangu? Akijibu kwa sifa tu pasipo kukuonyesha kazi, mwambie akilete shambani kwako kwa msimu mmoja. Akikataa, funga mfuko wako.