Punje za Ndege

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 kusini-magharibi mwa Uganda, yupo mama mmoja Mkongo aliyezoea kuwawekea ndege chakula uani. Chombo chake ni dumu kuukuu la mafuta, lililokatwa ubavuni na kutobolewa chini ili maji ya mvua yatoke, likaning'inizwa mbali na paka. Shomoro na chiriku hugombania ulezi. Tetere, wapendao kula chini, huokota mtama uangukao.

Mwaka 2023, mgawo wa chakula ulipopunguzwa, jirani alimwuliza: "Je, dada, na ndege nao wamepewa kadi?" Swali lilimchoma. Tangu hapo huwapa chenga tu, zile zibakizwazo na ungo.

Siku moja mwanawe alirudi kutoka Mbarara na mtama wa bei nafuu, wenye rangi ya waridi. Mtama mwekundu upo, lakini rangi yake haichujuki kirahisi. Huu aliposugua punje kwa kidole kilicholowa, kidole kiligeuka. Ilikuwa mbegu ya kupandia, iliyotiwa dawa: haifai kwa ndege, kuku wala uji, hata ikioshwa. Akanawa mikono, akaufunga, akauning'iniza darini mbali na watoto, kungoja mvua za Septemba.

Usiku ule uji ulikuwa mwepesi. Dumu likakaa tupu siku tatu, na shomoro wakaja vilevile.