Kuzuru Jamaa Baada ya Daraja

Furaha za safari ni nyingi, na aghlabu ya wanaozisimulia husimulia za mbali: miji mikubwa, majumba marefu na masoko yenye kila bidhaa. Sisi leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu juu ya safari fupi, isiyohitaji pasi wala sanduku, nayo ni safari ya kumzuru ndugu. Safari hii ina utamu wake, na siku hizi ina mtihani wake pia.

Sisi twakaa Pasiansi, kaskazini ya mji wa Mwanza, katika njia iendayo uwanja wa ndege. Dada yetu mkubwa, aliyetulea baada ya mama yetu kufariki, anakaa Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Wako wavukao kwa kivuko cha Kamanga kutokea mjini. Ama sisi, njia yetu tangu zamani ni ya Usagara, kisha Kigongo, kisha Busisi. Kwa miaka mingi basi lilisimama hapo Kigongo, abiria wakashuka, nasi tukangoja pantoni.

Kungoja huko kulichosha, wala hatutaki kukupamba. Magari yalipangana, jua likachoma, na mwenye mgonjwa alihesabu kila dakika. Walakini kulikuwa na neema zake. Mama watoto alifungua kikapu, watoto wakala matobolwa na karanga. Wachuuzi walipita na samaki wa kukaanga. Tuliwatazama ndege wakizamia na kuibuka mbali, kila mtoto akibahatisha mahali watakapotokea. Hapo ndipo watoto walipotuuliza mambo wasiyopata kuyauliza nyumbani, kwani baba yao hakuwa na pa kwenda.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la J.P. Magufuli, liungalo Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Ghuba iliyokuwa ikitugharimu nusu ya siku, sasa twaipita kwa dakika chache. Hii ni neema kubwa, na yatupasa kumshukuru Mwenyezi Mungu. Sisi watu wa ziwa, ambao hatujaisahau MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu, twajua thamani ya kuvuka maji kwa nchi kavu.

Baada ya kufunguliwa daraja hilo, Ijumaa moja, siku ambayo madrasa yetu hufungwa, tulifika kwa dada mapema kuliko desturi. Macho yake sasa yamefifia; humjua mtu kwa sauti na kwa kumshika mkono. Tuliswali Ijumaa huko, tukala ugali na sato, na baada ya Alasiri tukainuka kuaga. Dada akacheka, akasema: "Mdogo wangu, zamani maji yalinizuilia wageni wangu, wakalala. Sasa daraja lawachukua kabla chai haijapoa."

Mama watoto hakujibu neno. Alivua viatu, akamwomba wifi yake kanga ya kulalia.

Usiku ule dada alitutajia nasaba yetu, jina baada ya jina, na kila mmoja alitoka wapi, akaoa wapi, akazikwa wapi. Binti yetu aliyaandika katika daftari lake la shule majina saba, ambayo kabla ya hapo hayakuwa yameandikwa popote. Yalikuwa katika kifua cha mwanamke mmoja mzee, naye hayatoi kwa mgeni aliyesimama mlangoni na viatu miguuni. Hutoka baada ya Isha, taa ikiwa imepunguzwa na watoto wamejinyoosha juu ya mkeka.

Ndugu msomaji, daraja hufupisha njia, lakini halifupishi haja ya mtu kukaa na jamaa yake. Dini yetu imetuhimiza kuunga udugu, na kuunga si kupita. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nao hawakumkusudia mgeni atazamaye saa. Saa tulizookolewa katika foleni ni amana. Tukizirudisha zote sokoni na katika simu zetu, tutakuwa tumefika upesi, na tumeondoka upesi, na mzee amebaki na upweke wake kama kwanza.

Nyumbani kwetu tumepatana hivi. Kila mwezi twamzuru dada mara moja, na shule zikifungwa twalala kwake si chini ya siku tatu. Kikapu hatukukiacha: tukishavuka twashuka Busisi, twaketi ufukoni, twala, na watoto huuliza maswali yao. Tofauti ni kwamba zamani tulikaa kwa kuwa hatuna budi, na sasa twakaa kwa kupenda.

Na wewe uliye na shangazi mtaa wa pili, ambaye hakuna ghuba wala mto kati yenu, mwendee wiki hii, inshallah. Ukifika, vua viatu.