Prostati kubwa si hukumu, ekografi nzuri si cheti

LUBUMBASHI – Baba akianza kuamka usiku mara tatu, mara nne kwenda kukojoa, katika nyumba nyingi za Katuba, Kenya na Ruashi watu wanasema: ni uzee. Yeye mwenyewe ananyamaza. Mambo ya chini ya mkanda hayasemwi mbele ya watoto na wakwe.

Mzee mmoja aliyekimbia vita kaskazini mwa Katanga, na ambaye sasa anakaa kwa mtoto wake Ruashi, alinyamaza hivyo karibu mwaka mzima. Aliona mtoto tayari analipa nyumba, unga na masomo. Hakutaka kumuongezea mzigo. Usiku mmoja mkojo ukakataa kabisa kutoka. Lopitali wakamtia mpira wa mkojo, kisha wakampitisha ekografi ya tumbo. Karatasi ilisema: prostati imekuwa kubwa.

Nyumbani karatasi hiyo ikagawa watu. Mkwe akalia, akisema ni kansa. Mzee akafurahi: "Mashine imeniangalia, haikutaja kansa. Mimi ni mzima." Wote wawili walisoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Prostati ni tezi ndogo ya mwanaume, iko chini ya kibofu na inazunguka njia ya mkojo. Miaka ikienda, inaweza kunenepa bila kansa yoyote na kubana njia hiyo. Ekografi ya tumbo inapima ukubwa wake, inaonyesha mkojo unaobaki kibofuni na kama mafigo yameanza kuumia. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini kansa mara nyingi inaanza upande wa nyuma wa tezi, karibu na njia ya haja kubwa, na kwenye picha inaweza kufanana na nyama isiyo na ugonjwa. Tena mwanzoni haiumi wala haizuii mkojo.

Ndiyo maana munganga anatumia pia kidole, kugusa upande huo wa nyuma kama umekuwa mgumu. Mzee alikataa: kwake ilikuwa kuvunja heshima. Aliyemgeuza ni mdogo wake. Alimkumbusha Mobutu, aliyepasuliwa kwa kansa ya prostati huko Lausanne, Uswisi, Agosti 1996, akafa Rabat, Moroko, tarehe 7 Septemba 1997, akiwa na miaka 66. "Kama haikumuogopa yeye, yaya, itakuogopa wewe?"

Baada ya kidole, damu: kipimo cha PSA. Nacho kinaweza kupanda bila kansa, kwa sababu ya kunenepa kwa tezi, maambukizo, hata mpira wa mkojo. Kwa hiyo mzee aliambiwa angoje majuma machache. PSA ilipobaki juu, ekografi ilirudi kwa kazi yake nyingine. Kifaa chembamba kinapitishwa kwenye njia ya haja kubwa, kinaonyesha prostati kwa karibu, na sindano inafuata picha hiyo kuchukua vipande vidogo, mara nyingi 10 mpaka 12. Kuchukua vipande kwa mpangilio, hata pasipoonekana kitu kibaya, kulielezwa na wanganga wa Stanford, Marekani, mwaka 1989. Vipande hivyo, vikiangaliwa kwa darubini, ndivyo vinasema kama ni kansa ama hapana.

Jibu la mzee ni mali ya nyumba yake. Njia aliyopita ni ya kila mtu.

Familia yenye feza kidogo isilipe ekografi ya pili kwa sababu ya kwanza imeleta woga. Iulize munganga: Je, amegusa kwa kidole? PSA ni ngapi? Je, vipande vinahitajika, na bei yote ni ngapi? Iombe barua ya kwenda kwa munganga wa njia ya mkojo katika lopitali kubwa. Baada ya sindano, homa au kutetemeka ni kurudi lopitali siku hiyo hiyo.

Mwanaume wa miaka 50, ama 45 kama baba yake au ndugu yake alipata kansa hiyo, azungumze na munganga hata kama hasikii kitu. Na anayeamka usiku aseme mapema, mbele ya mkojo kukataa.