Rabai, Kilima cha Wangojao



Katika nyumba nyingi za waamini liko neno moja lisemwalo kwa sauti ya chini, au lisilosemwa kabisa, nalo ni shaka. Mtu huja kanisani, huimba pamoja na wenziwe, huitikia sala. Lakini moyoni mwake yumo mtu mwingine aulizaye, Je, mambo haya ni kweli? Naye hana wa kumwambia, maana aogopa kuaibishwa. Mwezi huu twapenda kusema juu ya neno hilo, wala si kwa hoja tupu. Twawaalika mje pamoja nasi mpaka Rabai, katika nchi ya pwani ya Kenya, kwa sababu mahali pale pana mambo ya kuonekana kwa macho na kupimwa kwa akili.

Njia ya Rabai si ngumu. Mtu atokaye Mombasa huvuka Makupa, akapita Changamwe na Miritini, ambako tangu mwaka 2017 pana kituo cha reli mpya iendayo Nairobi. Akifika Mazeras huiacha barabara kuu, akashika njia ya kuume ipandayo vilimani. Joto la kisiwani hupungua kidogo kidogo, na minazi huzidi kuwa mingi, maana Warabai tangu zamani ni watu wa minazi. Juu ya kilima upepo ni mzuri, na siku isiyo na ukungu mtu akigeuka nyuma huiona bahari ile aliyoiacha. Karibu yake uko msitu wa kaya, mji wa kale wa wazee wa Rabai. Na kaya za Mijikenda ziliandikwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Liko kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa katika miaka ya 1880. Ziko nyumba zinazoitwa kwa majina ya Krapf na Rebmann. Na iko nyumba ya makumbusho. Watoto wa shule hupita katikati ya vitu hivyo wakicheka, kama watoto wapitavyo mahali popote walipozoea.

Lakini msomaji asidhani ya kuwa habari ya Rabai yaanzia Rabai. Yaanzia chini, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali, penye kaburi.

Johann Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg katika nchi ya Ujerumani, aliyetumwa na chama cha C.M.S. cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai wa mwaka ule ule Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafa kwa homa. Na baada ya siku chache mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa sana, hata kusimama ilikuwa taabu. Haukupita hata mwaka mmoja tangu afike; hakuwa na mwanafunzi, wala kanisa, wala mtu mmoja aliyeamini. Alikuwa na kaburi tu.

Hapo ndipo shaka ya kwanza ikaapo, yaani shaka ya msiba. Ndugu, twaijua. Ni shaka ya mama aliyeomba usiku kucha na asubuhi mtoto asiamke. Kwa mtu kama huyo hatusemi kwamba Krapf hakulia, wala hatusemi kwamba alijua sababu ya mambo yale. Hakuambiwa sababu. Alifanya jambo moja: aliwaandikia wakubwa wake ya kuwa kaburi lile ni alama kwamba kazi imekwisha kuanza katika nchi hii, wala haitaachwa. Halafu akaendelea kujifunza Kiswahili, neno kwa neno, akiyaandika. Imani yake siku zile haikuwa furaha moyoni. Ilikuwa kuamka asubuhi na kushika kalamu. Twaliandika neno hili kwa kusudi, maana wako wadhanio kwamba imani ikikosa furaha imekufa. Mbegu iliyo chini ya udongo haionekani kuwa na uhai, nayo inao.

Mwaka 1846 alikuja mwenziwe, Johannes Rebmann, naye mtu wa Württemberg, na katika mwaka huo wakapanda Rabai kwa idhini ya wazee, wakaanza kituo chao. Mwaka 1848 Rebmann akaenda safari ya bara mpaka nchi ya Wachaga, na kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei akaona kwa mbali mlima mrefu, na juu yake kitu cheupe kama wingu. Akamwuliza kiongozi, naye hakuwa na jina la kitu kile. Alijua tu kusema ni baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akaelewa mara moja. Ndio Kilimanjaro. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf naye aliuona mlima wa Kenya kutoka nchi ya Ukambani, wenye weupe kama ule.

Habari hizo zilipochapishwa Ulaya, wako wenye elimu waliozikataa. Mmoja wao, William Desborough Cooley wa London, aliyekuwa na vitabu vingi juu ya Afrika lakini hakupata kuikanyaga nchi hii, alisema kwamba theluji karibu na mstari wa ikweta haiwezekani, na kwamba macho ya Rebmann yamemdanganya. Rebmann hakuwa na cha kuonyesha. Theluji haichukuliki mkononi mpaka London. Alikuwa na neno lake tu, na neno la mtu mmoja ni jepesi mbele ya vitabu vingi.

Hiyo ndiyo shaka ya pili, shaka iletwayo na watu wenye elimu. Nayo huwapata hasa vijana wetu waliosoma. Huambiwa, Mambo hayo hayawezekani. Nao huona haya, wakanyamaza. Basi tazameni mwisho wake. Mwaka 1861 na 1862 Karl Klaus von der Decken aliupanda Kilimanjaro kwa sehemu, akaithibitisha theluji. Na mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. Theluji ilikuwapo siku zote. Haikuletwa na kusadiki kwa Rebmann, wala haikuyeyushwa na kukana kwa Cooley.

Lakini tusiifanye habari hii kuwa fimbo ya kuwapigia wenye elimu, maana Rabai yatufundisha na upande wa pili. Rebmann huyo huyo, pamoja na Jakob Erhardt, walikusanya habari za wasafiri wa bara, wakachora ramani iliyochapishwa mwaka 1855 na 1856. Katika ramani hiyo waliweka ziwa moja kubwa mno, lenye umbo kama la konokono. Walikosea, maziwa ni mengi, wala si moja. Mashahidi wetu waliosema kweli juu ya mlima walikosea juu ya ziwa. Tena hata wao kwa wao hawakupatana kila jambo: Krapf alitaka vituo vingi vilivyofuatana mpaka ng'ambo ya Afrika, na Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja. Tofauti yao ndiyo hii: mlima Rebmann aliuona, na ziwa walilisikia tu. Kwa hiyo Mkristo asiogope kuulizwa, Wewe wajuaje? Na atenge aliyoyaonja mwenyewe kwa Mungu na yale aliyoyasikia kwa watu. Imani yetu haikujengwa juu ya kutokosea kwa wamisioni, wala kwa padre, wala kwa mwalimu. Aliyeijenga juu ya hao, siku wakikosea itaanguka; na wao watakosea, kwa kuwa ni wanadamu.

Twaja sasa kwa shaka ya tatu, ambayo Rabai yaijua kuliko mahali pengi, nayo ni shaka ya kazi isiyo na matunda. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya yake. Rebmann akabaki. Mtu wa kwanza wa Rabai kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, maskini, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Mbele ya macho ya wakubwa ilikuwa nini? Kiwete mmoja, naye amekwenda zake. Vita vya Wamasai vilimlazimu Rebmann kwenda Unguja. Baadaye akarudi kilimani pake. Miaka ikapita. Mwaka 1864 walikuja kumsaidia William Jones na George David, Waafrika waliokombolewa utumwani wakasomeshwa katika Bara Hindi. Hata mwaka 1873, Bartle Frere alipopita Rabai, alikuta Wakristo wachache tu, na Rebmann karibu kuwa kipofu. Macho yale yaliyoiona theluji, na watu wakasema yamemdanganya, sasa yalikuwa yakizimika kweli. Mwaka 1875 alirudi Ulaya akiwa amekaa miaka 29 bila kwenda kwao hata mara moja. Naye aliongozwa njiani na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Mwaka uliofuata akafa.

Mwalimu uliye peke yako penye shule ndogo, lisome neno hili polepole. Miaka 29, na watu wachache. Lakini mmoja katika wachache hao alikuwa na kijana, na kijana huyo alikuwa macho ya mzee aliyepofuka. Je, hayo si matunda?

Na baada yake yalitokea ambayo hakuyaona. Watumwa waliowatoroka mabwana zao walikimbilia Rabai, kwa kuwa walisikia kwamba pana watu wa neno jingine. Mwaka 1885 William Jones aliwekewa mikono na Askofu Hannington, akalichunga kundi la Rabai. Mwaka 1888 mabwana walikuja kuwadai watumwa wao kwa hasira, na hatari ikawa kubwa. Ndipo ikakubaliwa walipwe fedha, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa pale Rabai. Waliokombolewa, wa Rabai na wa vituo vingine, walikuwa zaidi ya 1,400. Kilima cha kiwete mmoja kikawa kilima cha watu huru.

Basi, wapendwa, tufanyeje na shaka zetu?

Kwanza, tusizifiche. Tomaso hakufukuzwa na wenziwe. Alikuwa bado pamoja nao siku ya nane, na kwa sababu alikuwapo, alimwona Bwana. Mwenye shaka asiache kuja. Na sisi tulio pamoja naye tusimkemee. Baba akimkemea mwanawe aulizaye, mtoto haachi kuuliza, huacha tu kumwuliza babaye.

Pili, tuombe kama yule baba wa mtoto mgonjwa aliyekiri mbele ya Yesu kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Bwana hakumwambia akamilishe imani kwanza ndipo arudi. Alimponya mtoto.

Tatu, tuifanye kazi ya leo. Krapf na maneno yake. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka mmoja kabla. Kila mtu na ashike lililo mkononi mwake: kumfundisha mtoto kusoma, kumtazama mgonjwa, kusali jioni na watu wa nyumbani hata maneno yakiwa machache. Mara nyingi shaka haishindwi kwa kuwaza. Huchoka yenyewe, ikiona mtu anaendelea na njia yake.

Nne, tukumbuke kwamba aliye chini ya wingu haoni mlima. Hata leo wasafiri wengi hupita karibu na Kilimanjaro wasione kitu ila ukungu, wakaenda zao. Anayekaa karibu huamka alfajiri moja, akauona umesimama mahali pake.

Ndugu zetu wapatao nafasi, wapande Rabai. Waingie kanisani, wakae kitako kidogo, wawakumbuke Rosine na mtoto wake, na Mringe, na Isaac aliyemshika kipofu mkono. Kisha waombee nyumba ile wanayoijua ambayo ndani yake mtu anauliza kwa sauti ya chini; na wakirudi, waende wakabishe hodi.